Sinki Likijaa Maji, Usikimbilie Dawa

Ilikuwa siku ya Jumamosi, yapata saa nne asubuhi, mama mmoja alipoingia mbio katika chumba chetu cha wagonjwa wa dharura akiwa amembeba mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa akitokwa na mate mfululizo, midomo imevimba, na hakuweza hata kulia kwa sauti. Kila alipojaribu kumeza alijikunja kwa maumivu.

"Sista, nisaidie," alisema yule mama. "Mtoto amekunywa dawa ya sinki."

Baadaye alitueleza mambo yalivyokuwa. Sinki lake la kuoshea vyombo lilikuwa limejaa maji kwa siku tatu. Maji hayakwenda chini. Yalikaa pale pale, mafuta yakielea juu, mpaka yakaanza kunuka. Jirani yake mwema, ambaye hutengeneza sabuni na wenzake, akampa kostiki soda iliyokwisha kuyeyushwa. Wakaitia katika chupa ya soda. Mama akamimina nusu, na nusu iliyobaki akaiweka chini ya sinki ili aimimine jioni. Mtoto akatoka kucheza akiwa na kiu. Akaona chupa ya soda, akafanya kile ambacho mtoto yeyote angefanya.

Wiki moja baadaye baba wa mtoto alimwita fundi bomba. Fundi alifungua bomba lililopinda chini ya sinki, akatoa kipande cha dodoki kilichoshikamana na punje za wali na mafuta yaliyoganda. Kazi yote haikumaliza nusu saa.

"Sista, kumbe lilikuwa dodoki tu," mama yule aliniambia kando ya kitanda cha mwanawe.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Nyumba nyingi siku hizi zina bomba na sinki, na ni jambo la kushukuru. Lakini wengi wetu hatukufundishwa la kufanya maji yanapokwama. Neno langu kwa leo ni moja: maji yakituama, kwanza tafuta yamekwama wapi. Dawa kali isiwe ya kwanza kuifikiria.

KWA NINI MAJI YALIYOTUAMA NI TATIZO LA AFYA?

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kufukia madimbwi na kufyeka majani karibu na nyumba zao. Somo lile halijapitwa na wakati. Tofauti ni kwamba siku hizi dimbwi limehamia ndani ya nyumba.

Maji ya vyombo yana mabaki ya chakula, mafuta na uvuguvugu. Hayo ndiyo mambo matatu vijidudu wanayoyapenda. Mahali penye joto na chakula, baadhi ya vijidudu vya tumbo huweza kuongezeka mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Sahani inayosuuzwa katika maji hayo inaonekana safi, lakini sivyo. Kitambaa kinacholowekwa humo kisha kikafutia kikombe cha mtoto hubeba vijidudu hao moja kwa moja. Mtoto akianza kuhara tunalaumu chakula, kumbe ni kikombe.

Hatari ya pili ni mbu. Sinki linalotumika kila siku si rahisi kuzaa mbu, kwa sababu maji yanatikiswa. Lakini ile ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalovuja, ile chemba isiyo na mfuniko nyuma ya nyumba, na lile dimbwi linapoishia bomba, hapo ndipo nyumbani kwao. Yai la mbu huhitaji muda wa siku 7 hadi 14 hivi kuwa mbu kamili. Mbu aina ya kuleksi hupenda maji machafu, na huko pwani ndiye anayeeneza matende na mabusha mijini. Mbu aina ya aedesi hutaga katika maji yaliyotulia ndani ya ndoo, mapipa na matairi. Huyo ndiye aliyeeneza homa ya dengi Dar es Salaam katika milipuko ya mwaka 2014 na 2019. Naye anofelesi, mbu wa malaria, huridhika na dimbwi dogo tu lililo safi kidogo na lenye jua.

Hatari ya tatu ni ile tuliyokwisha kuiona: mambo tunayoyafanya kwa pupa tunapotaka kuyaondoa maji hayo.

MAJI HUPITA WAPI?

Huwezi kutafuta njia iliyoziba kama hujui njia yenyewe. Maji yakitoka katika sinki hupita kwanza katika chujio kwenye kile kitundu. Kisha huingia katika bomba lililopinda chini ya sinki, mfano wa shingo ya bata, au katika kikombe cha plastiki kinachofanya kazi hiyo hiyo. Kutoka hapo hupita ukutani, huenda katika chemba nje ya nyumba, na mwisho katika shimo la maji machafu.

Ni vizuri ujue kwamba maji yaliyomo katika ile shingo ya bata yamewekwa makusudi. Yanazuia harufu ya shimo na mende wasipande kuja jikoni. Kwa hiyo si kila maji yaliyosimama ni mabaya. Ndiyo sababu pia sinki ambalo halijatumika kwa miezi mingi hutoa harufu, kwani maji ya kizuizi yamekauka. Mimina jagi moja la maji na harufu itatoweka.

HATUA ZA KUFUATA

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Vaa glavu za mpira kama unazo, na watoto wakae mbali. Lakini kama tayari mtu amemimina dawa kali katika sinki hilo, acha. Usisukume wala kufungua chochote. Mwite fundi, na umweleze wazi ni dawa gani iliyotumika, kwa maana anaweza kupofuka macho kwa ukimya wako.

1. Chunguza kama ni sinki moja au ni nyumba nzima. Fungua maji bafuni na mwaga maji chooni. Kama huko kunakwenda vizuri, kizuizi kiko karibu na sinki la jikoni. Kama kote maji yanapanda au yanakwenda polepole, tatizo liko nje, katika chemba au katika shimo lililojaa. Hapo usihangaike jikoni, nenda hatua ya 6.

2. Chota maji yaliyosimama kwa bakuli, uyatie katika ndoo. Usiyamwage kwenye njia ya watu wala karibu na kisima. Kisha ondoa uchafu wote ulio juu ya chujio kwa mkono. Mara nyingi kazi inakwisha hapo hapo.

3. Kama maji yanakwenda lakini polepole, huenda ni mafuta yaliyoganda. Mimina maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, kidogo kidogo. Yasiwe maji yanayochemka, kwa sababu mabomba ya plastiki hulainika na viungo vyake kuachia.

4. Kama hayaendi kabisa, tumia ule mpira wenye mpini, unaofanana na kikombe kilichopinduliwa. Unauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Acha maji kiasi katika sinki ili yafunike ukingo wa mpira. Kama sinki lina kitundu kingine cha juu, au kama ni sinki la pande mbili, ziba tundu la pili kwa kitambaa kilicholowa. Usipofanya hivyo nguvu yote itatokea huko. Kisha sukuma na kuvuta mara 15 hadi 20 bila kuunyanyua mpira. Rudia mara mbili au tatu.

5. Bado? Weka ndoo chini ya ile shingo ya bata. Fungua vifungo vyake kwa mkono, polepole, kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa. Maji machafu yataanguka katika ndoo. Safisha ndani kwa brashi au kijiti. Humo utakuta dodoki, stilwaya, kijiko cha chai, mbegu za maembe madogo au kizibo. Angalia mpira mwembamba ulio katika kifungo. Usiupoteze, maana bila huo bomba litavuja. Rudisha kila kitu mahali pake, fungua maji, na upapase chini kuona kama pamekauka. Kama bomba lilikuwa safi, kizuizi kiko ukutani. Hapo mwite fundi mwenye waya mrefu wa kuzibulia.

6. Nje, fungua mfuniko wa chemba. Kama chemba imekauka, kizuizi kiko kati yake na nyumba. Kama imejaa, kizuizi kiko mbele, au shimo limejaa na linahitaji gari la kunyonya maji machafu. Hapa nasema kwa mkazo: mtu yeyote asiingie katika shimo la maji machafu kulizibua, hata kwa dakika moja. Humo mna hewa yenye sumu na isiyotosha kupumua. Aghalabu anayeingia huzirai, na ndugu anayeshuka kumwokoa hufia naye. Shimo lifunikwe daima kwa mfuniko imara ambao mtoto hawezi kuusogeza.

NA WENYE MASHINE YA KUOSHEA VYOMBO?

Baadhi ya nyumba za mijini na nyumba za wageni sasa zina mashine ya umeme ya kuoshea vyombo. Nayo huweza kubaki na maji chini baada ya kumaliza kazi. Akili ni ile ile: fuata njia ya maji.

Kwanza chomoa waya wa umeme, kwani maji na umeme havipatani. Toa kikapu cha chini, chota maji, kisha zungusha na kutoa chujio lililo sakafuni mwa mashine. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ukiona maji kidogo yamebaki chini ya chujio, usiogope. Katika mashine nyingi hayo ni ya kawaida na husaidia mipira isikauke. Kama maji ni mengi, angalia bomba jembamba la kutolea maji lililo nyuma. Je, limebanwa na kabati au limekunjika? Mara nyingi bomba hilo limeunganishwa chini ya sinki, hivyo sinki likiziba na mashine nayo hujaa. Bomba hilo linatakiwa kupanda juu kwanza kabla ya kushuka, ili maji machafu ya sinki yasirudi katika vyombo safi. Yote hayo yakiwa sawa, basi pampu ndiyo yenye kasoro, na hiyo ni kazi ya fundi.

Dawa ya mashine hiyo pia ni kali, na vidonge vyake vya rangi hufanana na pipi. Viwekwe juu, mahali palipofungwa.

TUNAOOSHEA VYOMBO NJE

Wengi bado tunaosha vyombo katika beseni karibu na bomba au nyuma ya jiko, na hakuna aibu katika hilo. Beseni linaweza kuwa safi kuliko sinki. Tumia beseni la kuoshea lenye maji ya moto na sabuni, na jingine la kusuuzia. Badilisha maji yakichafuka. Panga vyombo kwenye kichanja vikauke kwa jua na upepo, bila kuvifuta kwa kitambaa.

Lakini maji unayoyamwaga yasifanye dimbwi. Yamwage kwenye migomba, ukibadilisha mahali, au chimba shimo la kunyonya maji lenye upana wa mita moja na kina cha mita moja hivi. Lijaze mawe na kokoto, na liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Mabaki ya chakula na mafuta yachujwe kwanza, la sivyo shimo litaziba kama lile sinki. Vivyo hivyo kwa mwenye sinki: futa sufuria kwa karatasi au majani kabla ya kuiosha, wala usimimine mafuta ya kukaangia katika sinki. Yanaingia yakiwa maji, yanaganda yakiwa nta. Na dodoki lililochakaa lisisubiri kukatika. Litupe mapema.

KOSTIKI SODA NYUMBANI

Vikundi vingi vya akina mama hutengeneza sabuni kwa kostiki soda, na kwa kazi hiyo ina faida. Lakini ni kitu kinachounguza ngozi, macho na utumbo. Wanaoitumia wazingatie haya:

Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, ya maji, wala chombo chochote cha chakula. Ibaki katika kopo lake, lenye jina lake, juu na penye kufuli. Inapoyeyushwa, kostiki ndiyo itiwe katika maji baridi, kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya kostiki, kwa kuwa huchemka na kuruka usoni. Usitumie sufuria ya alumini, maana huliwa na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Usichanganye dawa za usafi. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa hewa inayochoma mapafu. Na usigawie jirani dawa iliyoyeyushwa. Ukarimu huo, kama tulivyoona, unaweza kuleta msiba.

MTOTO AKINYWA DAWA KALI

Usimtapishe. Dawa iliyounguza koo ikishuka itaunguza tena ikipanda. Usimpe mafuta, mkaa, limau wala siki. Usimlazimishe kunywa maziwa, ingawa wengi tumelelewa tukiamini kwamba maziwa huua kila sumu. Mengi yatamfanya atapike.

Mfute mdomo, na kama ana fahamu zake, asukutue kwa maji safi na kutema. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji mengi yanayotiririka. Kama dawa imeingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka bila kukoma kwa dakika zisizopungua 20, jicho likiwa wazi. Kisha mpeleke hospitali mara moja, ukichukua na chupa au kopo lenyewe ili tujue tunatibu nini. Usisubiri eti kwa kuwa mdomo unaonekana mzima. Mara nyingine mdomo hauna kidonda na koo limeungua vibaya.

YULE MTOTO

Huenda unauliza, mpenzi msomaji, ilikuwaje kwa yule mtoto. Alipona majeraha ya mdomo, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na wazazi wakafurahi. Wiki chache baadaye walirudi. Kovu lilikuwa limelibana koo lake la chakula, hata uji ukapita kwa shida. Tulimpa rufaa kwenda hospitali kubwa, ambako madaktari hulitanua koo hilo kidogo kidogo kwa kifaa maalumu. Si jambo la mara moja. Amekwenda huko mara nyingi, na baba yake ameuza pikipiki iliyokuwa ikiwalisha ili kulipa nauli na matibabu. Sasa mtoto anakula wali laini. Nyama hukatiwa vipande vidogo mno, na mama humtazama mpaka ameze.

Siku moja walipopita wodini kunisalimu nilimwuliza mama kuhusu sinki. Aliniambia amenunua chujio dogo la waya la kuweka juu ya kitundu, na kila jioni hulitoa na kuligonga katika ndoo ya takataka. Chini ya sinki hakuna kitu tena isipokuwa ndoo tupu na kitambaa kikavu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ukimaliza kusoma, inama chini ya sinki lako, au pita nyuma ya jiko lako, uangalie. Kama kuna chupa isiyo na jina, iondoe kabla ya jambo jingine lolote. Kama kuna maji yamesimama, sasa unajua pa kuanzia.